Dawati la Kazi: Unajua kazi yako, uandike nini LinkedIn?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu waliokwisha kuiva kazini, ambao wangependa ujuzi wao ujulikane nje ya ofisi zao. Karibu wote wametaja LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi na taaluma, kwa hiyo majibu yetu yanahusu mtandao huo. Barua ndefu tumezifupisha.

Habari za kazi wahariri. Mimi ni mhandisi wa maji mwenye miaka 12 kazini. Akaunti ya LinkedIn ninayo tangu chuo, ila sijawahi kuandika hata mstari. Kila nikitaka kuanza naona kila kitu kimeshasemwa. Nianze na nini?
*Mhandisi, Mwanza*

Ndugu mhandisi, yaliyokwisha kusemwa ni yale ya juu juu: maji ni uhai, miundombinu ni msingi wa maendeleo. Hayo yaache. Chukua karatasi uandike maswali 20 uliyoulizwa kazini katika miezi mitatu iliyopita, yawe ya mkuu wako, fundi bomba, mkandarasi, mteja au mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Andika maswali yenyewe kama yalivyoulizwa, usiandike mada. "Upotevu wa maji" ni mada. "Mbona mita kuu inaonyesha maji mengi kuliko tuliyowatoza wateja?" ni swali, na swali lina mtu anayesubiri jibu. Ukimaliza, futa kila swali ambalo mtu angepata jibu lake kamili mtandaoni kwa dakika mbili. Yakibaki saba au manane, una kazi ya miezi miwili.

Hatua inayofuata ni kubana, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. "Usambazaji wa maji mijini" ni pana mno. "Upotevu wa maji" bado ni pana. "Namna ya kutumia mtiririko wa usiku kujua mtaa gani una uvujaji" inatosha. Wewe unajua kanuni yake: kati ya saa 8 na saa 10 usiku matumizi huwa madogo kuliko wakati mwingine wowote, hivyo maji yanayoendelea kupita kwenye mita ya eneo, ukishatoa matumizi halali ya usiku kama ya hospitali na viwanda, sehemu kubwa ni uvujaji. Kanuni hiyo imo katika vitabu vyote vya fani yako. Lakini ukiwa kazini unajua pia kwamba katika mitaa yenye mgao watu hujaza matangi usiku ule ule maji yanapotoka, na kipimo hicho kinaweza kukuonyesha uvujaji usiokuwepo. Unatenganishaje hayo mawili? Unapima siku ngapi? Unachagua usiku gani? Andika hapo hapo, pale kanuni ya kitabuni inapokutana na mtaa wako na kugoma. Mhandisi wa Kisumu, wa Bujumbura au wa Goma ana tatizo hilo hilo, na akikusoma atataka kukufahamu.

Kabla ya kuandika, lipime wazo kwa maswali matatu. Kuna mtu gani ambaye akisoma atafanya jambo tofauti Jumatatu asubuhi? Unaweza kutaja hali ambayo ushauri wako haufanyi kazi? Mwenzako wa fani akikubishia, unaweza kujitetea kwa ulichopima au kukiona? Wazo likishindwa hata swali moja, liweke kando liendelee kuiva.

Toa chapisho moja kwa wiki, siku moja isiyobadilika. Wanaoanza na la kila siku huishiwa ndani ya wiki chache, kisha huanza kuokoteza misemo ya kutia moyo, na msomaji huona tofauti upesi. Machapisho manne au matano ya mwanzo yawe ya kueleza tu. Misimamo mikali, kama vile kwamba utaratibu fulani wa sekta nzima haufai, ngoja uilete watu wakishaona unajua unachosema.

Je, kuna haja ya kurekebisha wasifu kwanza au niandike tu?
*Afisa ununuzi, Arusha*

Rekebisha kwanza, lakini jioni moja inatosha. Mtu akivutiwa na ulichoandika atabonyeza jina lako, na akikuta picha ya harusini na cheo cha kazi uliyoacha zamani, ataondoka.

Mstari ulio chini ya jina unapokea herufi 220. Unapotoa maoni kwenye chapisho la mtu, yanayoonekana ni maneno ya mwanzo tu, kwa hiyo tanguliza kazi na unayemsaidia: "Ununuzi wa dawa na vifaa tiba kwa hospitali za wilaya". Maneno kama "mwenye shauku" na "mwenye maono" hayamwelezi msomaji chochote. Sehemu ya kujieleza inachukua herufi 2,600. Usiijaze yote. Aya tatu zinatosha: unashughulika na tatizo gani, umelifanyia kazi wapi na kwa kiwango gani, na mtu akuandikie kwa ajili ya jambo lipi. Sentensi mbili za kwanza ndizo nzito, maana zilizobaki hufichwa mpaka msomaji abonyeze.

Picha iwe ya uso, mwanga ukitoka mbele, angalau pikseli 400 kwa 400. Bango la juu ni pikseli 1584 kwa 396. Ukiweka maandishi yaweke upande wa kulia, kwa sababu picha yako hufunika sehemu ya chini kushoto. Mwisho, badilisha anwani ya ukurasa wako iwe jina lako bila zile tarakimu za mwishoni, ili iingie vizuri kwenye kadi na kwenye barua ya maombi.

Mimi ni wakala wa forodha. Nimejaribu kuandika mara kadhaa lakini inatoka kama insha ya shule. Nipeni mfano wa chapisho lilivyo.
*Wakala, Mombasa*

Insha huanza na utangulizi. Chapisho halina nafasi hiyo, kwani kwenye simu msomaji anaona mistari mitatu hivi kabla ya kutakiwa kubonyeza asome zaidi. Ukianza na "Katika ulimwengu wa leo wa biashara za kimataifa", mistari yako mitatu imekwisha na hujasema kitu. Anza na hali ambayo mteja wako anaitambua mara moja. Tuchukue jambo ambalo bila shaka unaulizwa mara nyingi:

*Mzigo umeshafika dukani, na bado unaletewa bili tatu za kontena lile lile. Ni bili tofauti, na kila moja ina dawa yake.*

*Ya kwanza ni ya hifadhi. Inatozwa na bandari, au bandari kavu, kwa nafasi ambayo kontena limeikalia.*

*Ya pili ni demareji. Inatozwa na kampuni ya meli, kwa sababu kontena lake lilibaki bandarini baada ya siku za bure kwisha.*

*Ya tatu ni detensheni. Ni ya kampuni hiyo hiyo, lakini huanza kontena likishatoka bandarini na kuchelewa kurudishwa tupu. Baadhi ya kampuni huunganisha hizi mbili katika hesabu moja.*

*Kabla ya kuthibitisha oda, uliza mambo matatu kwa maandishi: siku za bure ni ngapi kwa kila bili, zinaanza kuhesabiwa lini, na je, Jumapili na sikukuu zimo?*

*Ukipata muda mrefu wa demareji na mfupi wa detensheni, panga lori na eneo la kushushia mapema. Hasara yako itatokea barabarani na ghalani.*

*Waagizaji wa bidhaa: ni ipi kati ya hizi huwagharimu zaidi?*

Tazama lilivyojengwa. Jambo ni moja tu. Kila neno la fani limeelezwa papo hapo kwa kazi yake. Kuna kitu cha kufanya, na kimetajwa kwa namna ambayo mtu anaweza kukinakili kwenye barua pepe. Kuna tahadhari kwamba kampuni hazifanani, na sentensi hiyo ndiyo inayomfanya wakala mwenzako akuamini. Swali la mwisho linajibika na mtu aliye kazini. "Mna maoni gani?" halijibiki.

LinkedIn inaruhusu herufi 3,000 kwa chapisho. Ukiwa mgeni kaa kati ya 900 na 1,500, kwa sababu huo ni urefu unaoweza kuuhariri vizuri ndani ya saa moja. Aya ziwe fupi, lakini usikate kila sentensi iwe mstari wake. Mtindo huo huchosha macho na huficha sentensi ipi ina uzito. Ukiwa na jedwali au hatua nyingi, weka PDF ambayo msomaji ataifunua ukurasa baada ya ukurasa. Kurasa 6 hadi 10 zinatosha, za wima, pikseli 1080 kwa 1350, maandishi makubwa, wazo moja kila ukurasa. Soma PDF hiyo kwenye simu yako mwenyewe kabla ya kuituma. Maandishi ukishayachapisha unaweza kuyahariri, lakini PDF huwezi kuibadilisha, na kosa la ukurasa wa 4 litakulazimu kufuta chapisho zima pamoja na maoni ya watu.

Picha zako za kazini, hata za simu, zinafaa kuliko picha za kununua za watu wanaopeana mikono. Ila soma jibu letu kwa muuguzi hapo chini kabla hujazitumia.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Nikiandika Kiswahili naogopa nitaonekana si wa kimataifa.
*Bwana shamba, Morogoro*

Itategemea nani unataka achukue hatua. Ukilenga wafadhili, wawekezaji wa nje au nafasi za kazi katika mashirika ya kimataifa, andika Kiingereza. Ukilenga wakulima wakubwa, wauzaji wa pembejeo, maofisa ugani na wenye vyama vya ushirika, Kiswahili kitafika mbali zaidi, na kuna faida ya pili: machapisho ya kitaalamu yaliyoandikwa kwa Kiswahili safi bado ni machache, kwa hiyo yako yataonekana.

Kila chapisho liwe na lugha moja. Tatizo la kuchanganya ni kwamba msomaji wa Kiingereza hukosa nusu, na wa Kiswahili huona unamringia. Tumia maneno ambayo watu wa fani wanayatumia kweli: useme viuatilifu, mbegu chotara, kipimo cha udongo. Pale ambapo mafundi wana neno lao la mtaani, litumie neno hilo, maana ndilo watakalolitafuta.

Shikamooni. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Nina mengi ya kufundisha kuhusu huduma ya mama baada ya kujifungua, lakini naogopa kuvunja siri za wagonjwa na kugombana na mwajiri. Mpaka uko wapi?
*Muuguzi, Dodoma*

Dada muuguzi, marahaba, na hofu yako ni ya haki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Juu ya sheria hizo kuna maadili ya taaluma yako na mkataba wako wa kazi.

Watu wengi hudhani kuficha jina kunatosha. Hakutoshi. "Mama mmoja, mwalimu, miaka 34, aliyejifungua mapacha kwetu wiki iliyopita" hana jina, lakini mtaa mzima unamjua. Utambulisho hutokana na mchanganyiko wa umri, kazi, mahali, tarehe na tukio lisilo la kawaida. Kwa hiyo usisimulie mgonjwa kabisa. Andika utaratibu: dalili za hatari ambazo mama hapaswi kuondoka wodini bila kuzijua, namna ya kukadiria damu inayopotea, maswali ambayo muuguzi wa zamu ya usiku husahau kuyauliza anapopokea wodi. Hayo ni mafundisho, na hayamtaji mtu. Yalinganishe na mwongozo unaotumika kituoni kwenu kabla ya kuchapisha, kwa sababu ushauri wa afya uliokosewa unaweza kuumiza mtu usiyemfahamu.

Kuhusu mwajiri, tafuta kama kuna sera ya mitandao ya kijamii na uisome. Isipokuwepo, mpelekee mkuu wako machapisho mawili uliyokwisha kuyaandika umwombe maoni. Ni rahisi mtu kuridhia kitu alichokisoma kuliko kuridhia wazo. Kuandika kwenye wasifu kwamba maoni ni yako binafsi kunasaidia kidogo, lakini hakukukingi ukitoa siri.

Siri nyingi hutoka kwa bahati mbaya. Kagua picha kabla ya kuituma: ubao wenye majina ya wagonjwa, faili mezani, kioo cha kompyuta, kitambulisho shingoni, sura ya mtu aliyepita nyuma. Kagua na jina la faili la PDF, kwa sababu watu wameshachapisha vitu vyenye majina kama "ripoti ya ndani toleo la 3". Tahadhari hizi zinamhusu pia afisa mikopo wa Nairobi aliyetuuliza kama anaweza kuandika kuhusu wateja wanaoshindwa kulipa. Anaweza kueleza namna ya kusoma taarifa ya benki ya mfanyabiashara mdogo. Hawezi kuweka picha ya taarifa yenyewe, hata kama amefuta jina.

Natumia programu ya akili mnemba kuniandikia. Inatoka vizuri na haraka. Kuna ubaya?
*Wakili, Nakuru*

Wakili, kwa fani yako kuna mfano unaojulikana. Juni 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zenye kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Programu hizi huandika kifungu cha sheria kisichokuwepo kwa ujasiri ule ule wa kifungu kilichopo. Kwa hiyo usiipe kazi ya kutafuta ukweli. Kila namba, tarehe, kifungu na jina la kesi vitoke kwenye chanzo ulichokifungua mwenyewe.

Kuna ubaya wa pili. Ukiiambia ikuandikie kuhusu mirathi, itakupa yale ambayo kila mtu angeandika kuhusu mirathi. Utaonekana kama wengine wote, na wewe ulitaka kinyume chake.

Inafaa kwa kazi nyingine. Andika rasimu yako kwa maneno yako, au jirekodi ukimweleza mwenzako jambo hilo kwa dakika tatu kisha uandike uliyoyasema. Halafu ipe programu rasimu hiyo uiombe ikutajie sentensi zisizoeleweka kwa asiye mwanasheria, na maswali matatu ambayo mpinzani angeyauliza. Usiipe nyaraka za mteja.

Nimeandika kwa wiki sita. Chapisho la mwisho lilionekana mara 90 na kupata "like" 4, mbili kutoka kwa ndugu zangu. Rafiki ameniambia nijiunge na kundi la WhatsApp ambalo watu husukumiana machapisho. Nifanye hivyo?
*Mhasibu, Kisumu*

Usijiunge. LinkedIn inakataza kukuza machapisho kwa njia za kupanga namna hiyo. Hata usipokamatwa, utakuwa unapigiwa makofi na watu wasio wa fani yako, na mtandao utajifunza kuwaonyesha kazi yako watu hao hao. Wafuasi wa kununua wana dosari hiyo hiyo.

Mara 90 si kidogo kama kati yao wamo wahasibu na wenye biashara. Angalia takwimu za chapisho: LinkedIn hukuonyesha vyeo, sekta na miji ya waliokusoma. Ukikuta ni wanafunzi wenzako wa zamani waliotawanyika kila fani, tatizo liko kwenye orodha ya marafiki ulionao huko, na haliko kwenye maandishi. Tafuta wahasibu, wakaguzi, maofisa kodi na wenye maduka ya jumla wa Kisumu na Eldoret, uwaombe urafiki wachache kila wiki, kila mmoja kwa sababu unayoijua.

Kisha toa maoni. Kwa mtu mwenye wafuasi wachache, maoni kwenye machapisho ya wengine huleta wasomaji wengi kuliko chapisho lake mwenyewe. Chagua watu 15 wanaosomwa na wale unaowalenga. Tenga dakika 15, siku tatu kwa wiki, uandike maoni matatu kila mara. "Umenena vyema" si maoni. Maoni ni sentensi tatu au nne zinazoongeza kitu: sharti lililosahaulika, hesabu, au swali la kweli. Mtu akiandika kwamba tangu Januari 2024 gharama nyingi za biashara Kenya hazikubaliki kwenye kodi bila ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, wewe ongeza jinsi ya kumpanga muuzaji mdogo ambaye bado hajajisajili. Watu watabonyeza jina lako.

Na badilisha unachohesabu. Andika kwenye daftari kila mwezi: nani wa fani ameniandikia binafsi, nani ameniuliza swali la kazi, nani amenialika kuzungumza au kunielekeza kwa mteja. Jipe miezi sita. Ujumbe mmoja wa mwenye kiwanda anayeuliza kuhusu hesabu zake una uzito kuliko "like" 400.

Bando ni ghali na kazi ni nyingi. Kuna njia ya kupunguza muda?
*Mwalimu wa ufundi, Tanga*

Andika nje ya mtandao, kwenye programu ya kumbukumbu ya simu. Chagua jioni moja uandike machapisho mawili, yalaze usiku mmoja, uyahariri kesho yake, kisha uyapange yatoke yenyewe. LinkedIn ina alama ya saa kwenye dirisha la kuandikia inayokuruhusu kuchagua siku na saa. Chagua saa ambayo utakuwa huru kujibu, kwa sababu wanaouliza swali wakakaa siku mbili bila jibu hawarudi. Video iache kwa sasa. Inakula bando lako na la msomaji.

Niliandika kuhusu mikanda ya usalama kwa mafundi wa kupanda juu. Mtu mmoja akanisahihisha hadharani, na alikuwa sahihi. Nifute chapisho?
*Afisa usalama kazini, Dar es Salaam*

Usifute. Ukifuta, waliokwisha kulisoma watabaki na kosa, na kwa jambo la usalama hilo ni hatari. Hariri maandishi, na juu kabisa weka mstari mmoja: "Nimesahihisha: hapo awali niliandika hivi, lililo sahihi ni hivi." Mjibu aliyekusahihisha kwa kumshukuru na kurudia jambo sahihi kwa ukamilifu, ili anayesoma maoni tu alipate pia.

Kama kosa lilikuwa ndani ya picha au PDF, ambavyo havibadilishiki, na mtu anaweza kuanguka kwa kulifuata, hapo ondoa chapisho, na siku hiyo hiyo toa jipya lililosahihishwa lenye maelezo ya kilichobadilika. Aliyetofautiana nawe kwa maoni tu ni suala jingine. Mjibu mara moja kwa sababu zako, mara ya pili kama ameleta jambo jipya, kisha waachie wasomaji waamue. Anayetukana mzuie bila kumjibu.